Mdomo Mmoja kwa Msafara Mzima

Novemba 4

Leo imenyesha mvua ya kwanza ya kweli, na leo hiyo hiyo Tata Kabasele amenipa kazi. Kabasele ana ofisi ya usafirishaji hapa Manika, mtaani kwetu Kolwezi, juu ya duka la dawa, na ni mtu wa kucheka kabla hajasema neno. Mtu wa namna hiyo huwa namwangalia mikono. Anataka tovuti ya kuwafundisha madereva wa malori usalama barabarani: dereva atazame masomo kwenye simu yake, ajibu mtihani, apate cheti ambacho mlinzi wa geti la mgodi atakihakiki kwa simu. Migodi imetangaza kwamba kuanzia mwaka mpya, asiye na cheti haingii. Kwa hiyo Kabasele ana haraka, na haraka yake inanitia wasiwasi.

Nimekubali hata hivyo. Mume wangu, Gracien, ni dereva. Anavuta tangi la asidi kutoka mpakani Kasumbalesa mpaka hapa Kolwezi, ile asidi ambayo migodi hulowesha mawe ili shaba itoke. Akiwa njiani mimi silali vizuri, na msimu wa mvua silali kabisa. Nilijiambia kwamba kama kuna kazi moja ya kuifanya bila uzembe, ni hii.

Novemba 7

Umeme umekatika kutwa. Jirani Mado anao. Nashangaa.

Novemba 13

Masomo yamekamilika kuandikwa: breki kwenye mteremko, usingizi, waendesha baiskeli za makaa, asidi, mzigo, na namna ya kusimama ukiharibikiwa. Kabasele alitaka yote yawe kwa Kifaransa. Anasema cheti bila Kifaransa ni karatasi ya kufungia karanga. Nikamwambia dereva aliyemwagikiwa asidi hatafuti kamusi. Akacheka, akakubali, mradi asimlipe mtu wa kusoma.

Basi nimesoma mwenyewe. Nilijifunika blanketi kichwani chumbani ili kelele ya mvua kwenye mabati isiingie, nikasoma kwa Kiswahili chetu cha hapa. Somo la nne, la asidi, la kujimwagia maji kwa muda mrefu bila kumngoja mtu, nililirudia mpaka koo likakauka: "Asidi ikikugusa, mayi. Mayi mingi, pale pale, kwa murefu. Usipanguse na kitambala. Usingoye muntu." Gracien sijamwambia kwamba sauti ni yangu. Nataka aisikie akiwa huko porini, ashtuke, anipigie simu.

Novemba 21

Gracien amerudi. Amechoka, ananuka mazutu, dizeli ya lori, amewaletea watoto mahindi ya kuchoma ya Lubudi. Ni baba mwema, sitaki kumsingizia. Ila siku hizi simu yake anailaza kioo chini.

Novemba 27

Tovuti imefunguliwa. Kabasele alileta biskuti na soda, akamwita mchungaji akaombea kompyuta, kisha akapiga picha nami kwa ajili ya magazeti. Baadaye nimeiona picha kwenye simu za watu. Amenikata, limebaki bega.

Desemba 2

Gracien amefaulu! Karibu alama zote. Na si yeye tu, ni msafara wake mzima, malori yote yanayosafiri pamoja chini ya Tata Beya. Nimefurahi mpaka nimewapikia watoto maandazi. Simu haijalia bado. Labda yuko mahali pasipo na mtandao.

Desemba 3

Simu ililia. Alitaka kujua kama fundi wa paa amekuja. Juu ya sauti hakusema lolote.

Desemba 5

Leo amekuja nyumbani. Nimepika sombe, yaani kisamvu, na samaki, nimemwacha ashibe kwanza, maana mtu mwenye njaa hujibu ovyo. Halafu nikamuuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, kwamba yule mama anayesema kwenye somo la asidi, anasema vizuri?

Akatafuna. Akaniambia: "Eeh. Anasema muzuri. Naona ni muntu wa Lubumbashi."

Mimi ni mzaliwa wa hapa hapa. Nimelala kando ya mtu huyu tangu kabla mtoto wetu wa kwanza hajazaliwa, na sauti yangu anaijua hata nikikohoa chooni. Hakusikiliza somo hata moja. Kuna mtu mwingine aliyefanya mtihani kwa jina la mume wangu, na mume wangu amenidanganya mdomo ukiwa umejaa sombe yangu. Nikaosha sahani.

Desemba 6

Kila dereva anayejiandikisha hutoa namba ya simu. Namba aliyoitoa Gracien si yake. Nimeipiga nikiwa ofisini, Kabasele alipotoka. Akapokea mwanamke, na nyuma yake wanaume wanacheka.

"Allô, huku kwa Simone."

Nikakata. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi mawingu haya nimeyaona tangu simu ilipoanza kulala kifudifudi.

Desemba 7

Sijamwambia. Nimemtazama akiwa anacheza na watoto. Anacheka kama mtu asiye na dhambi, na hilo ndilo linaloniudhi.

Desemba 8

Misa. Padri alihubiri juu ya subira. Nani amemwambia?

Desemba 10

Nimekwenda.

Gracien aliondoka asubuhi, lakini najua kwamba msafara hauondoki moja kwa moja. Malori hukusanyika kwanza kwenye uwanja wa kuegesha, nje ya mji, njia ya Likasi, yakingoja karatasi. Mado, ambaye hukosi kusikia habari kwake, aliwahi kuniambia kwamba kuna Simone mwenye malewa pale, yaani kibanda cha chakula. Nikavaa kikwembe changu kizuri cha kitenge, ili huyo Simone ajue anamwibia nani, nikapanda pikipiki. Mvua ilikuwa imeacha tope la rangi ya matofali, na kabla hatujafika kikwembe kilikuwa kimeharibika mpaka magotini. Njiani nilipanga maneno. Nilikuwa nayo mengi, mengine siwezi kuyaandika hapa.

Simone ni rika la mama yangu. Ana miguu iliyovimba, miwani iliyofungwa kwa uzi, na sufuria ya bukari, ugali wetu, ambayo mimi ningeweza kuoga ndani yake. Nilisimama mlangoni na maneno yangu yote. Akanitazama kikwembe, akanitazama uso, akasema: "Weye njo ulipiga simu, ukakata."

Nikaketi. Na hapo ndipo nilipomwona Tata Beya.

Tata Beya ni mkuu wa msafara wa Gracien, wao wanamwita chef. Ni Muluba mtu mzima, mpole, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alikuwa mezani na simu ya Simone mkononi, na mbele yake simu nyingine zimelala kwa mstari. Sauti yangu ilikuwa inatoka humo. Alikuwa anasikiliza somo la breki, anatikisa kichwa, anajibu maswali polepole kwa kidole kimoja, anamaliza, anafungua jina la dereva mwingine, anaanza upya. Wenye majina walikuwa nje, wengine wanafua, wengine wamelala kwenye nyasi chini ya malori. Wale hawakuwa hata watu wake. Walikuwa wa msafara mwingine ambao mkuu wao haoni vizuri, akamwomba Beya awasaidie. Gracien alikuwa upande wa pili wa uwanja anapima upepo wa magurudumu, hakuniona.

Nilimuuliza Tata Beya anafanya nini. Hakuona aibu yoyote, na hilo lilinishangaza zaidi ya yote. Alinivutia kiti, akanieleza kwa utulivu kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda kanisani.

"Ku bariere, ni mi njo nasema. Ku mizani, ni mi. Ku douane, ni mi. Ile site yenu inauliza maulizo, nani atajibu, mama? Mutoto atajibu mbele ya mukubwa?"

Ndivyo wanavyosafiri, kweli. Kila kizuizi, iwe geti, mizani au forodha, mkuu wa msafara hukusanya karatasi za wote, hushuka peke yake, husema kwa niaba ya wote, na dereva anayefungua mdomo wakati chef anasema huonekana hana adabu. Tovuti yangu iliwauliza maswali, nao wakaiona kizuizi kingine. Wakampa Tata Beya simu zao kama wanavyompa karatasi zao. Namba ya Simone waliitumia kwa sababu hapo kwake mtandao unashika na simu yake haiondoki na lori lolote.

Nikamuuliza Simone kama Gracien hula hapa. Akasema hula, hulipa, na huonyesha kila mtu picha za watoto mpaka wanachoka. Akaniwekea bukari na samaki bila kuuliza. Nilikula yote. Nilirudi mjini mvua ikininyeshea mgongoni, nikiimba nyimbo za kwaya nyuma ya kijana wa watu wa pikipiki. Mume wangu hana mwanamke.

Desemba 11

Niliamka na furaha, nayo ikadumu mpaka chai. Nilipokuwa nakoroga sukari nikaelewa nilichokiona jana. Gracien hajui chochote. Amebeba tangi la asidi na cheti kinachosema kwamba anajua, na cheti hicho nimekitengeneza mimi. Katika msafara mzima anayejua ni mmoja tu, naye huendesha lori la mbele kabisa.

Nilikuwa nawinda mwanamke. Nimeona haya mbele ya kikombe changu.

Desemba 13

Nimemwambia Kabasele. Kwa mara ya kwanza hakucheka. Alifunga mlango, akaniuliza nani mwingine anajua. Nikamwambia vyeti vile inabidi vifutwe, watu warudie mtihani kila mmoja kwa mdomo wake. Akasema migodi imeridhika, madereva wameridhika, na kwamba tukifuta vya msafara mmoja wataanza kuulizia vyote. Mimi ndiye mwenye ufunguo wa tovuti, nikamkumbusha. Ningeweza kuvifuta nikiwa nimekaa pale pale.

Akaniambia taratibu: "Na bwana yako, Mama Fidélie? Ataingilia geti gani?"

Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani nikilifikiria hilo. Wanaojua kutengeneza tovuti Kolwezi ni wengi, na wengine ni bei rahisi kuliko mimi. Sasa nashuku kwamba alinichagua kwa sababu mimi ni mke wa dereva.

Desemba 17

Jioni nimejaribu kwa Gracien. Sikumgombeza juu ya uongo wake. Nilimwambia ninajua, nilimwambia sauti ni ya nani, akacheka mpaka akafuta machozi, akasema alidhani nitakasirika. Nikamwambia basi keti tusikilize pamoja, masomo si marefu. Hapo akaacha kucheka. Akaniuliza tangu lini mimi najua lori. Yeye yuko barabarani tangu ujana, ameshuka miteremko ya Likasi breki zikinuka, na leo mkewe amfundishe akiwa amekaa jikoni?

"Kama kuna matata, Tata Beya eko," alisema.

"Na kama eko mbali?"

"Msafara haikatikake, Fidélie."

Akaenda kuoga. Niliifungua kompyuta, nikaliweka jina lake kwenye kioo. Kitufe cha kufuta kiko chini kulia, mwenyewe nimekipaka rangi nyekundu. Nikafikiria ada za watoto mwezi ujao, nikafikiria atakavyoninunia, nikafikiria mlinzi akimrudisha getini mbele ya wenzake kwa ajili ya mkewe. Na ukweli mwingine, ambao ni mbaya kuliko hizo sababu: bado nilikuwa na shukrani kwamba si mwanamke, na sikutaka kuiharibu. Nimeifunga kompyuta.

Desemba 25

Noeli. Gracien yuko nyumbani, ameimba besi kanisani. Mvua ilipiga mabati hata padri akanyamaza akaingoja.

Januari 3

Mageti yameanza kuhakiki vyeti. Kabasele amesema redioni kwamba barabara yetu sasa iko mikononi mwa madereva waliofunzwa. Nilikuwa nachambua maharage. Nilizima redio.

Januari 8

Mvua. Gracien yuko njiani.

Januari 9

Mvua.

Januari 12

Amerudi salama, ameondoka tena. Nilimwekea dumu kubwa la maji nyuma ya kiti. Simone ameniambia kwa simu kwamba Gracien ameliacha dumu hilo pale kwake, ili apate nafasi ya mfuko wa makaa aliotumwa na mama yake. Siku hizi mimi na Simone huongea karibu kila siku. Ni mtu wa kweli, na nilimshuku bure.

Januari 16

Simone amepiga mchana. Maneno yake ya kwanza yalikuwa: "Bwana yako eko muzima." Mtu akianza hivyo, ujue kuna ambaye si mzima. Nikakaa chini.

Msafara ulikatika. Lori moja lilikwama kwenye tope mlimani, upande wa huku wa Likasi. Tata Beya na nusu ya malori walikuwa wameshapita, nusu wakabaki nyuma, na Gracien alikuwa nyuma. Mvua ilikuwa inamwagika hata vioo havionyeshi kitu. Sadrack, dereva kijana ambaye mke wake Gloire ana mimba ya kwanza, aliona tangi lake linadondosha kwenye bomba. Akachukua spana akapanda kukaza. Bomba likafunguka, asidi ikamrukia usoni, shingoni na mkono wote.

Wenzake wakamkimbilia. Wakamtoa kwenye mvua. Wakamwingiza ndani ya lori, pakavu, wakamfuta kwa matambara, wakampigia simu Tata Beya wamuulize wafanye nini. Mtandao haukuwapo. Basi mmoja wao akakimbia mbele kwa miguu kumtafuta, na wengine wakangoja. Tata Beya alipofika, amekimbia kwenye tope huku shati limempasuka, alimkokota Sadrack nje, akamvua nguo zote, akamwacha mvua imnyeshee na kummwagia kila maji waliyokuwa nayo. Lakini ilikuwa imekwisha kukaa sana. Jicho moja limekufa, la pili hawajui bado.

Walikuwa na mvua juu yao, mvua nyingi kuliko dumu lolote ambalo ningeweza kuwawekea, na wakamficha nayo ili asilowe.

Nilimuuliza Simone nani aliyemwingiza ndani ya lori. Akasema hajui. Alijibu upesi mno.

Januari 17

Nimekwenda hospitalini. Gloire amekaa kwenye mkeka nje ya mlango, ameshika tumbo. Sadrack amefungwa bandeji kichwa kizima, imebaki pua na mdomo. Nilimwambia jina langu. Alilijua, akaniambia wamemweleza kwamba sauti ya mtihani ni yangu, kisha akaomba radhi kwa kutoisikiliza. Akiwa katika hali ile, akaomba radhi kwangu.

Alisema alipopatwa alianza kukimbia kwenye mvua, uso juu, kwa kuwa maji yalikuwa yanampoza. Mwili wenyewe ulijua. "Nilitaka kubakia ku mvula. Muntu moya akanikamata, akanikokota mu kamyo. Nilimupiganisha. Sikuona ni nani, macho ilikuwa imeisha."

Akaniuliza: "Mvula njo ilikuwa dawa, mama?"

Nilimwambia ndiyo. Sikuweza kumdanganya, ila natamani ningeweza.

Kutoka hapo nimekwenda ofisini moja kwa moja, tope miguuni, sikumsalimia mtu. Nimefuta cheti cha Gracien kwanza, kwa sababu nikianza na vya wengine najua mkono wangu ungefika kwake ukatafuta sababu. Halafu nikafuta vyote vilivyopita kwenye namba ya Simone. Nilichelewa mwezi mzima. Nimelia, halafu nimeosha uso nikarudi nyumbani kupika.

Januari 18

Msafara umefika getini umezuiwa. Simu yangu imelia mpaka betri ikaisha. Wengine wananitukana, wengine wananibembeleza, mmoja amesema atanifungulia mashtaka kwa mfalme. Sijui mfalme gani.

Kabasele alikuja nyumbani na mtu wa redio. Nilidhani amekuja kunifukuza kazi, nilikuwa hata nimeshamkunjia kebo zake. Kumbe amekuja kutangaza kwamba tovuti yake imewanasa wadanganyifu, na kwamba hilo ndilo alilolikusudia tangu mwanzo. Alicheka kabla ya kusema. Angalau vyeti vimebaki vimefutwa, lakini simwamini hata kidogo, na kebo zake nimeziacha zimekunjwa.

Januari 19

Gracien amerudi bila lori. Hajaniuliza kwa nini, hajanigombeza, amelala amegeukia ukuta. Mikono yake yote miwili imefungwa vitambaa. Nimemuuliza, akasema ni kamba ya turubai. Tangi la asidi halina turubai.

Januari 20

Nimembadilishia vitambaa. Viganja vimeungua, ngozi imetoka kwa mabaka. Nilipaka dawa aliyonipa nesi. Hakunitazama, nami sikumuuliza tena. Nilishajua, na nilikuwa naomba Mungu nisijue.

Januari 21

Leo mchana wamekuja, msafara mzima. Waliacha viatu vya tope mlangoni wakaketi, wengine kwenye viti, wengine sakafuni, na Tata Beya katikati. Niliwapa chai. Kwa desturi yao alisema yeye peke yake.

Alisema vizuri, na ninaandika hivyo nikiwa nimekuja kumheshimu. Hakuninyooshea kidole. Alisema kwamba makosa yote ni yake, kwamba alidhani anawabeba wadogo zake, kumbe alikuwa anawanyima. Masomo anayajua yote kwa kichwa, kwa kuyarudia kwa kila jina. Kisha akasema hawa wana watoto, wana kodi, malori yamelala getini na wenye malori wameshaanza kutafuta madereva wengine. Akanisihi, machozi yakimtoka: "Utoe cheti yangu ya kabisa, hata milele. Ya hawa batoto wa msafara, uirudishe."

Wote walikuwa wanatazama sakafu. Mimi ni mtu wa kushuku, lakini machozi ya mtu mzima sikuwahi kuyashuku. Nilifungua kompyuta. Nitasema kweli, nilikuwa nimeshalitafuta jina la kwanza, na nilikuwa najiambia kwamba watarudia masomo baadaye, taratibu, wakipata nafasi.

Gracien akasimama. Mbele ya mkuu wake, bila kupewa nafasi, na yule aliyekaa karibu naye akamvuta suruali aketi. Hakuketi.

"Tata Beya, leka niseme mi mwenyewe."

Tata Beya aliweka kikombe chini, akamwachia nafasi. Gracien alisema akimtazama yeye, si mimi, mikono yake ya vitambaa ikining'inia.

"Ni mi nilimukamata Sadrack. Alikuwa mu mvula, analia, anafungula kinywa kwa mayi. Mi nikasema mutoto amepata wazimu, atakufa na baridi. Nikamukokota mu kamyo yangu. Akanipiganisha, nikamushika kwa nguvu. Nikafunga mulango, nikamuambia: ngoya, Tata Beya anakuya."

Mtu mmoja pale sakafuni alianza kulia. Gracien akageuka sasa, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu arudi.

"Usinirudishie, Fidélie. Mi siyui kitu."

Nilifunga kompyuta. Hakuna aliyeomba tena. Walikunywa chai iliyokuwa imepoa, na mmoja baada ya mwingine wakauliza masomo yanaanza lini, kila mtu akiulizia lake.

Januari 22

Mvua imepumzika asubuhi. Gracien amevaa shati la misa aende hospitalini kumwambia Sadrack mikono ile ilikuwa ya nani. Hakutaka nimsindikize. Tata Beya alikuwa amekuja kumchukua, amevaa koti, tayari kutangulia ndani na kusema kwanza kama ilivyo desturi. Gracien alimshukuru, akamvutia kiti pale kibarazani, akamwomba amngoje hapo.